Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Mtawala wa Mtandao na Mwisho wa Safari Yake Moa

Utangulizi

Moa ni kijiji cha pwani kilichoko kaskazini ya mji wa Tanga, katika wilaya ya Mkinga, karibu na mpaka wa Tanzania na Kenya. Mwezi wa Aprili 1896 mzee mmoja wa ukoo wa Mazrui alifika hapo akiwa na jamaa zake na wafuasi wengi waliochoka kwa vita vya miezi kadhaa, akaweka silaha zake mbele ya Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mzee huyo alikuwa Mbaruk bin Rashid bin Salim al-Mazrui, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mbaruk wa Gazi. Kwa zaidi ya miaka ishirini, masultani wa Unguja, na baada yao Waingereza, walikuwa wamejaribu kumtuliza kwa bunduki, kwa fedha na kwa mikataba, na kila walipodhani wamemaliza kazi hiyo waliona kwamba haijamalizika.

Wanahistoria wameyaeleza maisha ya Mbaruk kwa namna mbili kuu. Wengine wamemwona kuwa mwasi asiyetulia, mrithi wa kiti kilichopotea. Wengine wamemwona kuwa mmoja wa watu wa mwanzo waliopinga ukoloni katika pwani ya Kenya. Makala haya hayakusudii kuamua baina ya maoni hayo mawili. Yanakusudia kuyatazama maisha hayo kwa swali jingine: mtu mmoja, asiye na jeshi la kudumu wala manowari, aliwezaje kuuongoza mtandao mpana wa watu, njia na bandari, na ni kwa nini mtandao ule ule uliomtii ndio uliomwongoza mpaka Moa?

Dhana ya mtandao na udhibiti wake

Mvuvi wa Moa halihitaji somo refu kuhusu mtandao. Anao mfano wake katika jarife: mafundo yameunganishwa kwa nyuzi, na ukivuta fundo moja, mengine husogea. Hata hivyo, mvuvi huyo anajua pia kwamba si kila fundo likivutwa wavu wote hufuata. Iko kamba ya kuvutia, na yuko mtu aliyeizoea.

Elimu ya hisabati imelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Leonhard Euler alifungua mlango mwaka 1736 alipochunguza madaraja ya mji wa Königsberg na kuonyesha kwamba jibu la swali lake lilitegemea namna njia zilivyounganishwa, wala si urefu wake. Mwaka 1960 Rudolf Kalman aliweka masharti ya kujua iwapo mfumo unaweza kuongozwa kutoka hali yoyote hadi hali nyingine yoyote kwa nguvu inayotoka nje. Mwaka 1974 Ching-Tai Lin aliyahusisha masharti hayo na umbo la viungo vya mfumo wenyewe. Kisha mwaka 2011 Yang-Yu Liu, Jean-Jacques Slotine na Albert-László Barabási walilipeleka swali hilo katika mitandao mikubwa ya maumbile na ya ufundi: chembe za urithi, mikondo ya umeme, mawasiliano na mahusiano ya watu. Waliuliza ni mafundo mangapi, na yapi, yashikwe ili mtandao mzima uongozeke. Hayo katika makala haya yataitwa mafundo ongozi.

Majibu yao yalikuwa na mambo mawili yanayohusiana moja kwa moja na mada hii. La kwanza ni kwamba mafundo ongozi kwa kawaida si yale makubwa yenye nyuzi nyingi. La pili ni sababu yake: fundo moja haliwezi kuyaongoza mafundo mengi kila moja kwa njia yake kwa wakati mmoja. Chukua mtandao wenye umbo la nyota, ambamo fundo moja la kati linatoa nyuzi kwa mafundo kumi. Amri inayotoka katikati huyafikia yote kumi kwa namna moja; kwa hiyo, ili kuuongoza mtandao huo kikamilifu, hulazimu kushika moja kwa moja mafundo kumi: lile la kati na tisa ya pembeni. Lakini mafundo kumi na moja yaliyopangwa kama mnyororo, moja likilivuta jingine, huongozwa kwa kushika moja tu, yaani lile la mwanzo, kwa kuwa amri hulifikia kila fundo kwa zamu yake. Nyota ni ngumu kuongoza. Mnyororo ni mwepesi. Kwa upande mwingine, mnyororo ukikatwa popote, yote yaliyo mbele ya mkato huo hayasikii tena mkono wa mwongozaji.

Ni dhahiri kwamba binadamu si chembe wala nyaya, na jambo hili litarejewa mwishoni. Hata hivyo, tofauti hii kati ya nyota na mnyororo inaangaza maisha ya Mbaruk.

Urithi wa kiti kilichopotea

Ukoo wa Mazrui, wenye asili ya Omani, uliitawala Mombasa kwa takriban karne moja. Nguvu yake haikutegemea Ngome ya Yesu peke yake. Ilitegemea mapatano na Thenashara Taifa, yaani jumuiya kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa zilizogawanyika katika Taifa Tatu na Taifa Tisa. Kila upande ulikuwa na uhusiano wake na Wamijikenda wa bara: Taifa Tatu zaidi na Wadigo na Waduruma wa kusini, Taifa Tisa zaidi na Wagiriama na jirani zao wa kaskazini. Aliyetaka kuishika Mombasa ilimpasa aziridhishe pande zote mbili, na kwa njia yao awapate watu wa bara waliokuja mjini na nafaka, pembe na askari wa msimu.

Katika miaka ya 1830 mapatano hayo yalivunjika. Ugomvi ndani ya ukoo na baina ya taifa na taifa ulimpa Seyyid Said bin Sultan nafasi aliyoikosa kwa mizinga yake. Vita vya panzi vikawa furaha ya kunguru: mwaka 1837 Said aliingia Mombasa kwa msaada wa baadhi ya wenyeji wake, kisha wakuu wa Mazrui wakakamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas, ambako waliangamia. Miongoni mwao alikuwamo Rashid bin Salim, mtawala wa mwisho wa Kimazrui katika Mombasa. Mbaruk alikuwa mwanawe, na wakati huo alikuwa bado mdogo.

Waliosalimika walikimbia kwa makundi mawili. Kundi moja lilikwenda kaskazini na kukaa Takaungu. La pili lilikwenda kusini na kukaa Gazi, katika nchi ya Wadigo. Mbaruk alikulia katika kundi la kusini. Hivyo aliurithi ukoo usio na mji mkuu, wenye jina kubwa na watu wachache. Mombasa yenyewe, fundo kubwa la pwani ile, ilikuwa mikononi mwa liwali wa Sultani. Urithi wake hasa ulikuwa nyuzi zilizobaki baada ya fundo kuondoka: ukwe, ukunga wa mkono katika vita, mikopo ya biashara na kumbukumbu za wazee wa kaya.

Gazi na Mwele

Gazi ni bandari ndogo iliyoko kusini ya Mombasa. Mtu akiitazama kwa kipimo cha meli na ushuru ataiona kuwa si kitu mbele ya Mombasa au Pangani. Lakini iko kwenye njia ya nchi kavu inayofuata pwani kutoka Tanga na Vanga kwenda kaskazini, na nyuma yake kuna njia zinazopanda kuelekea vilima vya Shimba na nchi ya Waduruma. Huko nyuma, katika vilima vyenye kichaka kizito, Mbaruk alikuwa na boma la Mwele. Gazi ilikuwa mlango wa bahari, Mwele ilikuwa ghala na kimbilio, na kati yake vilikuwako vijiji vya Wadigo ambavyo viliwalisha watu wake na kuwapasha habari.

Huu ndio mnyororo. Mbaruk hakuwa na haja ya kumwamuru kila mtu. Aliwaongoza wachache waliokuwa na watu wao, na hao nao walikuwa na wengine nyuma yao. Neno lililoanzia Gazi lilipita kwa mkwe, likapita kwa mzee wa kijiji, likamfikia mwindaji wa tembo au kiongozi wa msafara, kila mmoja kwa wakati wake na kwa lugha ya uhusiano wake. Gharama ya kuuongoza mtandao huo ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kuulinda.

Haifai, hata hivyo, kuupamba mtandao huo. Sehemu ya nyuzi zake ilikuwa ya utumwa. Mkataba wa 1873 kati ya Barghash na Waingereza ulipopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, wafanyabiashara waliigeukia njia ya nchi kavu, nayo ikawapeleka mateka kutoka upande wa Pangani na Tanga, kupitia Vanga na Gazi, hadi mashamba ya Takaungu na Malindi. Barghash alitoa matangazo ya kuizuia njia hiyo mwaka 1876. Watumwa walilima mashamba ya Wamazrui, na wengine walibeba bunduki zao. Katika mnyororo wa Mbaruk walikuwamo watu waliofuata kwa hiari, waliofuata kwa deni, na waliofuata kwa kuwa hawakupewa njia nyingine.

Unguja kwa wakati huo ilikuwa mfano wa nyota. Sultani alikaa katikati na nyuzi zake zilitoka kwenda kwa maliwali, maakida na majamadari wa kila bandari. Utii ulitolewa kwake na kila mmoja, lakini hakuweza kumwongoza kila mmoja kwa njia yake bila kumpelekea mtu, fedha au askari wa peke yake. Mara kadhaa Mbaruk alimwasi Sultani, akashambuliwa, akarudi msituni, akapatana, akarejea Gazi. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, afisa Mwingereza aliyeunda jeshi jipya la Barghash kuanzia 1877, aliiteka Mwele. Boma lilianguka lakini mwenye boma hakupatikana, na baada ya muda alikuwa Gazi tena. Fundo lilikuwa limetekwa. Nyuzi zilikuwa zingali mahali pake.

Mpaka na Kampuni

Badiliko kubwa halikutoka Unguja wala Mwele. Lilitoka Ulaya. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Novemba 1886 yalichora mstari kutoka mlango wa mto Umba kuelekea bara, ukizunguka Kilimanjaro hadi Ziwa Viktoria. Vanga ikawa upande mmoja, Moa upande wa pili. Watu wa pande zote mbili walikuwa wale wale. Kidigo kilisemwa huku na huku. Mashamba, makaburi na ukwe vilivuka mstari bila kuuliza. Lakini mstari huo, ambao mwanzoni ulikuwa wino tu, ulikuwa umekatiza njia ile ya pwani ambayo kwayo mnyororo wa Mbaruk uliungana na Tanga na Pangani.

Upande wa kusini, Wajerumani walikabiliwa na vita vya 1888 na 1889 vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri. Wissmann ndiye aliyetumwa kuvizima, na Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Vita hivyo vimehifadhiwa katika utenzi wa Hemed bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga, ambao ni hati muhimu kwa mtafiti yeyote wa pwani hii. Upande wa kaskazini, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888, ilichagua njia nyingine. Haikuwa na askari wa kutosha wala fedha nyingi, kwa hiyo ilimlipa Mbaruk ruzuku ili njia ziwe shwari. Yamkini Kampuni ilielewa, bila hisabati yoyote, kwamba ni rahisi kumlipa mwenye kichwa cha mnyororo kuliko kulinda kila pingili yake.

Mpango huo ulidumu kwa miaka kadhaa. Mbaruk aliyezeeka alikuwa na mji wake, heshima yake na mapato yake. Hakuwa na sababu iliyo wazi ya kutafuta vita.

Mgeni kutoka Takaungu

Mwezi wa Februari 1895 Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, alifariki. Wawili walitazamiwa kumrithi. Mmoja alikuwa mwanawe, Rashid bin Salim, kijana aliyeelewana na Kampuni. Wa pili alikuwa mpwa wa marehemu kwa nduguye, naye aliitwa Mbaruk bin Rashid. Kufanana huku kwa majina kumewapoteza wasomaji wengi: huyu ni Mbaruk wa Takaungu, wala si Mbaruk wa Gazi. Kwa desturi ya ukoo, Mbaruk wa Takaungu, akiwa ndiye mkubwa kwa umri, aliona kwamba haki ilikuwa yake. Kampuni ilimweka Rashid.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya nyota: aliyeko katikati huchagua wa pembeni anayempenda. Lakini Takaungu haikuwa ncha tupu. Ilikuwa fundo katika mtandao wa ukoo, na kiti chake kilikuwa na uzito kwa Wamazrui wote. Mbaruk wa Takaungu aliondoka na watu wake, akashambuliwa na majeshi ya Waingereza, akakimbilia kusini. Mwezi wa Julai 1895 Kampuni iliiacha nchi na serikali ya Uingereza ikatangaza Himaya ya Afrika Mashariki, Arthur Hardinge akiwa kamishna wake wa kwanza. Kwa hiyo mkimbizi aliyefika mlangoni kwa Mbaruk wa Gazi alikuwa anatafutwa na dola, si na wafanyabiashara.

Hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Mbaruk wa Gazi alitakiwa amkane jamaa yake. Akikubali, angeibakiza Gazi, ruzuku na uzee wa amani. Akikataa, angepoteza vyote vitatu. Hesabu ya faida ilikuwa wazi, naye mwanzoni alijaribu kuchukua njia ya katikati, akisema na wakubwa kwa upole huku akichelewesha. Lakini mtandao wake haukujengwa juu ya ruzuku. Ulijengwa juu ya neno kwamba anayeingia kwake amesalimika. Neno hilo ndilo lililowafanya wazee wa Kidigo wampe chakula miaka ya dhiki, na ndilo lililomrudisha Gazi kila boma lake lilipochomwa. Kumtoa mgeni, tena wa damu, kungekuwa kuikata kamba yote kwa mkono wake mwenyewe.

Alimpokea. Tangu siku hiyo kichwa cha mnyororo hakikuwa chake tena. Mbele yake palikuwa na mwingine, kijana kuliko yeye, mwenye dai lisilokuwa la Gazi, na kila hatua ya mgeni ilimvuta mwenyeji. Mtandao uliokuwa mwepesi kwake kuuongoza ulikuwa mwepesi vile vile kwa yeyote aliyeingia mwanzoni mwake.

Vita vya 1895 na 1896

Mwezi wa Agosti 1895 Admirali Harry Rawson aliongoza mabaharia, askari wa Unguja na Wasudani kutoka pwani hadi Mwele. Tarehe 17 Agosti boma lilitekwa kwa mara nyingine. Waliopigana hapo walipewa nishani iliyochorwa ukingoni jina la Mwele na mwaka huo. Nishani hiyo ni ushahidi mzuri wa fikra za waliotawala: mahali pamoja palichukuliwa kuwa ndipo penye vita. Lakini Mbaruk hakukamatwa, na vita vilikuwa havijafika hata nusu.

Miezi iliyofuata ilionyesha upana wa mtandao wa Wamazrui. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa alijiunga na upinzani. Huko kaskazini, Aziz bin Rashid, nduguye Mbaruk wa Takaungu, aliendesha mapigano ya kuvizia. Baadhi ya Wagiriama waliwapa wapiganaji nafaka na maficho. Kusini, barabara ya Vanga haikuwa salama. Waingereza waliishika Mombasa, yaani fundo kubwa kuliko yote, na wakaishika bila taabu; jambo hilo halikuwapa udhibiti wa maili chache nje ya kisiwa.

Kilichobadilisha hali kilikuwa mambo matatu yaliyokuja pamoja. Kwanza, mwezi wa Machi 1896 kikosi cha askari wa Kibaluchi kililetwa kutoka India, na kwa wingi wake kikaweza kukaa katika vituo vingi kwa wakati mmoja badala ya kukimbizana na mtu mmoja. Huku kulikuwa kushika mafundo mengi moja kwa moja, jambo ambalo nyota hulihitaji na ambalo Sultani hakuwahi kulimudu. Pili, serikali ilizungumza na wazee wa Wagiriama na wengineo, na chakula kikapungua. Tatu, msamaha ulitangazwa kwa waliotaka kurudi makwao, na kila aliyerudi alikuwa pingili iliyotoka katika mnyororo. Hakuna pigo moja lililomshinda Mbaruk. Nyuzi ziliachia moja baada ya nyingine, mpaka njia iliyobaki ikawa ile ya kusini kupitia Vanga.

Moa, Aprili 1896

Kwa kuvuka mpaka na kuingia Moa, Mbaruk alikuwa anafuata njia ya zamani ya watu wake. Miaka kumi kabla ya hapo safari hiyo isingekuwa na maana yoyote ya kisiasa. Mtu angetoka Vanga hadi Moa kama atokavyo nyumba moja hadi nyingine. Sasa alikuwa ameondoka katika dola moja na kuingia katika nyingine. Watu wa upande huu walikuwa wa lugha yake na dini yake, na huenda wengine walikuwa na ukwe na wafuasi wake, lakini mwenye amri alikuwa Wissmann, mtu yule yule aliyemaliza vita vya Abushiri.

Wissmann hakumrudisha kwa Waingereza. Alimtaka aweke silaha, na kwa kuziweka Mbaruk alipewa hifadhi. Tofauti na Abushiri, hakunyongwa. Tofauti na baba yake, hakupelekwa ng'ambo kuangamia. Kilichomalizika Moa ni uwezo wake wa kurudi. Mara zote za nyuma, baada ya kila boma kuanguka, palikuwa na njia ya kurudi Gazi. Mpaka wa Umba uliikata njia hiyo. Kwa sababu hiyo Moa, kijiji kisicho na ngome wala ikulu, kilifanya kile ambacho Mwele iliyotekwa mara mbili haikukifanya.

Dar es Salaam na baada yake

Mbaruk alihamishiwa Dar es Salaam, akakaa huko chini ya macho ya Wajerumani hadi alipofariki mwaka 1910. Miezi michache baada yake, mji huo ulimpokea mkimbizi mwingine wa kifalme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Rawson, yule yule wa Mwele, zililipiga jumba la Sultani Unguja kwa muda usiofika saa moja, na Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti baada ya kifo cha Hamad bin Thuwaini, alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Ukoo wa Mazrui na ukoo wa Busaidi, walioshindana kwa vizazi kadhaa juu ya Mombasa, sasa walikuwa na watu wao wawili wakuu katika mji mmoja, wote wakiwa wageni wa serikali ya tatu.

Nyuma yao pwani ilikuwa inasukwa upya. Reli ya Usambara ilikuwa imeanza Tanga mwaka 1893; Reli ya Uganda ilianza Mombasa na kufika ziwani mwaka 1901. Reli zote mbili zilitoka baharini kwenda bara, zikikatiza ile njia ya kale ya kusini na kaskazini, na hazikuunganishwa mpaka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1907 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Himaya ya Kiingereza, na kwa hiyo uzi mmoja katika nyuzi za mtandao wa zamani ulipoteza nguvu ya sheria. Mtu ambaye angetaka kurudia mwendo wa Mbaruk mwaka 1910 asingepata mnyororo wa kuuvuta.

Habari za ukoo wake hazikupotea. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Kimazrui katika Mombasa, na kazi hiyo ilitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995.

Hitimisho

Maisha ya Mbaruk wa Gazi yanatoa mafunzo matatu kwa wachunguzi wa mitandao, iwe ya watu, ya maumbile au ya ufundi. La kwanza ni kwamba ukubwa wa fundo si kipimo cha uwezo wake wa kuongoza. Mombasa ilikuwa kubwa, Gazi ndogo. Lakini kwa miaka mingi mwenye Gazi ndiye aliyejua ni uzi gani uvutwe. La pili ni kwamba wepesi wa kuongoza na wepesi wa kuvunjika hukaa pamoja. Mnyororo uliomtii kwa gharama ndogo ulikatika pia kwa gharama ndogo, mara walipopatikana watu wa kuukata mahali pengi kwa pamoja.

La tatu linahusu mpaka wa hisabati yenyewe. Nadharia ya 2011 ilichukulia kwamba fundo husogea kwa kuvutwa na mengine. Mwaka mmoja baadaye Noah Cowan na wenzake walionyesha kwamba fundo likiwa na mwendo wake wa ndani, hesabu ya mafundo ongozi hubadilika sana. Kwa binadamu, mwendo huo wa ndani ndio kiini cha jambo. Mzee wa Kidigo aliyetoa mtama, mtumwa aliyeshika bunduki, Mgiriama aliyepatana na serikali, kila mmoja alikuwa na shabaha zake.

Mbaruk mwenyewe hakuwa nje ya mtandao kama mvuvi alivyo nje ya jarife. Alikuwa fundo ndani yake. Aliuongoza kwa kutimiza ahadi, na ahadi ilipodai gharama yake mwaka 1895, hakuwa na namna ya kuikataa na bado akabaki yeye. Aliyoyapoteza ni mji wa Gazi, ruzuku ya uzeeni na kaburi katika ardhi ya wazee wake. Alichokibakiza, mpaka alipofika Moa, ni kwamba mgeni aliyeingia kwake hakutolewa.